Picha ipo, mfumo hauioni: kutatua matatizo ya kupanga faili katika hazina ya kidijitali

Malalamiko yanayowafikia wasimamizi wa hazina za picha na video yanafanana mno, iwe ni chumba cha habari, studio ya harusi, jumba la makumbusho au asasi yenye picha za miradi za miaka mingi. "Picha imepotea." "Tarehe zimevurugika." "Mfumo umefuta maelezo yangu." Mara nyingi faili yenyewe iko salama kwenye diski, na kasoro iko kwenye maneno, tarehe au ruhusa zinazoizunguka. Asiyejua tofauti ya lebo na folda, au ya faharasa na hifadhidata, hutengeneza pasipoharibika, na hapo ndipo hasara ya kweli huanza. Kwa hiyo tuanze na istilahi.

Maneno ya kuelewana kabla ya kugusa chochote

Faili mama ni ile iliyotoka kwenye kamera, skana au kinasa sauti, haijahaririwa. Hairekebishwi wala haipunguzwi ukubwa. Nakala ya matumizi hutolewa kwenye faili mama kwa kazi maalumu, kama vile tovuti, gazeti au bango. Toleo ni hatua ya kazi inayoendelea kubadilika, mfano brosha iliyopita kwa mhariri mara tatu. Kijipicha ni picha ndogo ambayo mfumo huitengeneza kwa ajili ya kuonyesha tu. Kikiharibika kinatengenezwa upya bila madhara.

Metadata ni maelezo kuhusu faili, nazo hukaa mahali patatu. Kwanza, ndani ya faili: EXIF huandikwa na kamera, IPTC na XMP huandikwa na binadamu au programu. Pili, kwenye faili ndogo yenye kiendelezi .xmp inayoandamana na picha ghafi, yaani RAW, ambayo kamera haijaichakata (CR3, NEF, ARW na nyinginezo). Tatu, kwenye hifadhidata ya mfumo peke yake, yaani mahali programu inapotunza kumbukumbu zake. Swali la "maelezo yangu yameandikwa wapi?" ndilo litakaloamua kama kazi yako itasalimika siku utakapohama programu. Liulize mapema.

Folda ni mahali, na faili hukaa kwenye folda moja. Lebo ni neno, na picha moja yaweza kubeba lebo nyingi. Mkusanyo ni orodha tu: ukiondoa picha kwenye mkusanyo hujaifuta, ukiifuta kwenye folda umeifuta. Orodha ya istilahi teule ni maneno ambayo ofisi imekubaliana kuyatumia kama lebo, pamoja na visawe vyake. Faharasa ni orodha ya ndani ambayo mfumo huisoma unapotafuta. Huweza kuchelewa nyuma ya hali halisi ya diski.

Kanuni moja inatangulia marekebisho yote yafuatayo: kazi inayogusa faili zaidi ya moja ijaribiwe kwanza kwenye nakala ya faili tano, na kabla ya kuifanya kwa folda nzima, nakili folda hiyo pamoja na hifadhidata kwenye diski nyingine.

Dalili: unatafuta neno, hupati picha unayojua ipo

Anza na jambo jepesi. Futa vichujio vyote (tarehe, aina ya faili, nyota, mkusanyo) kisha tafuta kwa jina la faili, kwa mfano IMG_4417. Ikitokea, faili na faharasa ni nzima, na tatizo liko kwenye maneno. Isipotokea, ifungue kwa kivinjari cha folda cha kompyuta. Ikiwa huko ipo, faharasa imebaki nyuma au huna ruhusa. Ikiwa hata huko haipo, ruka hadi sehemu ya mwisho ya mwongozo huu.

Chanzo cha kwanza, na kinachoongoza kwa mbali kwenye hazina za Kiswahili, ni umoja na wingi. Programu nyingi za utafutaji zimeundwa kwa lugha zinazobadilisha mwisho wa neno; zinakata herufi za mwisho na kulinganisha shina. Kiswahili hubadilisha mwanzo. Aliyeandika "wavuvi" hatapatikana na anayetafuta "mvuvi". Hali ni hiyo kwa kiongozi na viongozi, jengo na majengo, ukuta na kuta, jino na meno. Ukiweka kinyota mwishoni (mvuvi*) hakusaidii. Kinyota cha mwanzoni (*vuvi) huleta mvuvi, wavuvi na hata uvuvi, lakini si kila mfumo unakikubali, na penye faili nyingi huwa kizito.

Suluhisho la kudumu ni kuchagua umbo moja. Ushauri wetu ni umoja kwa kila kinachohesabika: mvuvi, jengo, kiongozi. Wingi uingizwe kama kisawe, ili anayeandika "wavuvi" apelekwe kwenye "mvuvi". Majina ya vitendo yabaki kwenye u- au ku-: uvuvi, kufuma, kusuka. Viambishi vya mahali visiingie kwenye lebo. Andika "soko", si "sokoni".

Chanzo cha pili ni neno la jumla kutumika mahali pa neno mahususi. Chukua vyombo vya bahari vya pwani. Mpiga picha mmoja anaandika "dhow", mwingine "jahazi", mwingine "dau", wa nne "mashua", na picha inaonyesha ngalawa yenye mrengu pande zote mbili. Hapa msiunganishe lebo kwa mkupuo. Neno la Kiingereza linafunika aina kadhaa, na ukigeuza kila "dhow" kuwa "jahazi" utakuwa umeandika uongo kwenye sehemu ya hazina. Tengeneza ngazi: juu "chombo cha majini", chini yake "jahazi", "dau", "mashua", "ngalawa", "mtumbwi". Picha zenye lebo ya jumla zipande kwanza kwenye ngazi ya juu, halafu mtu anayevifahamu vyombo azishushe moja moja. Kiwango cha kimataifa cha ISO 25964 kinaeleza ngazi hizi za istilahi pana, finyu na husianifu, na mifumo mingi mikubwa inazikubali.

Majina ya mahali yana mtego huohuo. Kilwa Kisiwani, Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko ni sehemu tatu. Lebo ya "Kilwa" pekee haimsaidii mtu. "Zanzibar" kwa mmoja ni mji, kwa mwingine ni kisiwa cha Unguja, kwa wa tatu ni Unguja na Pemba pamoja. Mipaka nayo hubadilika: Geita, Katavi, Njombe na Simiyu ilikuwa mikoa mipya mwaka 2012, Songwe ilitoka Mbeya mwaka 2016, na Kenya ilihama kutoka mikoa 8 kwenda kaunti 47 baada ya uchaguzi wa 2013. Picha ya Tunduma ya mwaka 2005 iandikwe mahali pake pa leo, na mkoa wa wakati ule uingie kwenye maelezo marefu. Ukiandika mmoja tu, nusu ya watafutaji wataikosa.

Chanzo cha tatu hakionekani kwa macho: alama ya ng'. Ritifaa iliyonyooka na ile iliyopinda ni herufi mbili tofauti kwa kompyuta. Programu za kuandikia na simu nyingi hupinda ritifaa zenyewe, kwa hiyo lebo ya "ng'ombe" iliyoandikwa kwenye simu huweza kutofautiana na ile iliyoandikwa kwenye kompyuta ya ofisi, ingawa kwenye skrini zinakaribia kufanana. Fungua orodha ya lebo zote, ipange kialfabeti, utaona "ng'ombe" mara mbili. Chagueni iliyonyooka, mzime upindaji wa kiotomatiki kwenye mashine za kuingizia maelezo, kisha muunganishe lebo. Vivyo hivyo kwa ng'ambo, Ng'apa na majina ya watu.

Chanzo cha nne: lebo zilizoshikamana. Mtu ameandika "Kilwa Kisiwani, msikiti, magofu" na mfumo ulitarajia nukta mkato badala ya mkato. Zote tatu zimekuwa lebo moja ndefu. Kuitambua ni rahisi, maana kwenye orodha ya lebo utaona sentensi nzima mahali pa neno. Mara nyingi hutokea wakati wa kuingiza maelezo kutoka jedwali la CSV, basi rudia uingizaji kwa kitenganishi sahihi badala ya kurekebisha kwa mkono.

Mwisho, faharasa. Ikiwa picha zilizoingia wiki hii hazipatikani na za zamani zinapatikana, faharasa haijasasishwa. Mwombe msimamizi aijenge upya usiku, watu wakiwa hawatumii mfumo. Msiikatishe katikati.

Kwa wanaotumia ExifTool, programu ya kusoma na kuandika metadata kwa amri, lebo moja hubadilishwa kwenye folda nzima hivi, kwa Linux na Mac:

exiftool -if '$subject =~ /\bwavuvi\b/' -subject-=wavuvi -subject-=mvuvi -subject+=mvuvi -keywords-=wavuvi -keywords-=mvuvi -keywords+=mvuvi FOLDA

Kwenye Windows badilisha alama za kunukuu moja (') ziwe mbili ("). Sababu ya kuondoa "mvuvi" kabla ya kuiongeza ni kuzuia lebo ileile isijirudie. Sehemu ya -if isisahaulike, la sivyo kila picha kwenye folda itapata mvuvi, zikiwemo za mikutano. Programu hii huacha faili asili yenye mwisho wa _original. Usizifute hadi uhakikishe matokeo.

Dalili: tarehe au saa si yake

Usirekebishe tarehe hata moja kabla ya kutambua mpangilio wa kosa. Kosa lenyewe husema lilikotoka.

Kama picha zote zina tarehe ya siku zilipohamishwa, mfumo unasoma tarehe ya faili kwenye diski badala ya tarehe ya kupigwa. Kunakili faili kwenye Windows huipa tarehe mpya ya kuundwa. Hakuna kilichopotea, nenda kwenye mipangilio na uchague uwanja wa DateTimeOriginal.

Kama unaona Januari mosi 1970, 1980 au 1904, hapo hakuna tarehe kabisa. Hizo ni sifuri za mifumo mbalimbali ya kuhesabu muda. Ya 1904 hutokea kwenye video za MP4 na MOV. Kama ni Januari mosi ya mwaka ambao kamera ilitengenezwa au karibu na hapo, betri ndogo ya saa ya kamera imekufa au kamera ilikaa muda mrefu bila betri kubwa.

Kama picha ziko sawa na video peke yake ziko nyuma kwa saa 3, sababu ni kwamba kanuni ya faili za MP4 na MOV inataka muda uandikwe kwa UTC (saa ya kimataifa), nasi Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa 3. Lakini kamera nyingi hupuuza kanuni hiyo na kuandika saa ya hapohapo, kwa hiyo usisogeze video zote kwa pamoja. Zipange kwa kamera kwanza. Kwa zile zinazofuata UTC, ExifTool hukuonyesha saa ya hapa ukiongeza -api QuickTimeUTC, na hazihitaji kubadilishwa chochote.

Kama tofauti ni saa 6 kamili, kuna mtu aliyepanga kamera kwa saa ya Kiswahili: saa mbili asubuhi akaandika 2:00 badala ya 8:00. Picha za alfajiri huangukia siku iliyotangulia, na hili huvuruga mfululizo wa matukio ya usiku kama maulidi au mikesha. Tofauti ya saa 12 ni AM na PM zilizobadilishana. Kwa kosa la saa 6, dawa ni hii:

exiftool -AllDates+=6 FOLDA

Hapa onyo ni kubwa. Amri hiyo ikirudiwa mara mbili, tarehe husogea saa 12. Na kama folda ina picha za kamera mbili, moja sahihi na moja yenye kosa, utaziharibu zile nzima. Zitenge kwa namba ya mashine (SerialNumber) au modeli kwanza. Njia nzuri ya kuhakiki ni kutafuta ndani ya picha kitu chenye saa inayojulikana: saa ya ukutani, ubao wa ratiba, kivuli kifupi cha adhuhuri.

Kama baadhi ya tarehe ni sahihi na nyingine zimegeuza siku na mwezi, angalia kama zilizogeuka zote zina siku kati ya 1 na 12. Hapo jedwali lilisomwa kwa mtindo wa Kimarekani: 03/04/2019 ikawa Machi 4 badala ya Aprili 3, wakati 25/04/2019 haikuweza kugeuka kwa kuwa hakuna mwezi wa 25. Usigeuze kwa kubahatisha. Rudi kwenye jedwali la mwanzo, badilisha safu iwe 2019-04-03, ingiza upya.

Picha zilizoskaniwa ni habari nyingine. Tarehe ya skana ni ya skana. Tarehe ya tukio iwekewe uwanja wake, na pale mwaka haujulikani barabara, mtindo wa ISO 8601-2 wa mwaka 2019 unaruhusu 196X kwa "miaka ya sitini" na 1964~ kwa "mnamo 1964". Kuandika 1964-01-01 kwa picha isiyojulikana siku yake ni kumdanganya mtafiti wa kesho, na ataamini.

Dalili: maelezo yalikuwepo, sasa hayapo

Uliza picha ilipitia wapi. WhatsApp hupunguza picha na kuondoa metadata zake inapotumwa kama picha. Ikitumwa kama hati hufika ilivyo. Hiki ndicho chanzo cha kawaida kabisa, na picha iliyopita humo haina cha kurejeshwa. Omba faili mama kwa aliyetuma. Ofisi zinazopokea picha kutoka mikoani ziandike agizo hili kwenye mwongozo wa wapiga picha: hati, au flashi.

Kinachofuata ni picha ghafi kuhamishwa bila faili yake ya .xmp. Zikitengana, maelezo na marekebisho yote hubaki folda ya zamani. Kama ipo, irudishe kando ya picha na uhakikishe ina jina lilelile: DSC_0192.NEF na DSC_0192.xmp (baadhi ya programu huandika DSC_0192.NEF.xmp). Kisha uagize programu isome metadata upya kutoka kwenye faili. Angalia sana kitufe unachobonyeza, kwa kuwa "soma kutoka faili" na "andika kwenye faili" hukaa jirani kwenye menyu, na cha pili hufunika maelezo mema kwa utupu.

Chanzo cha tatu ni maelezo yaliyoandikwa kwenye hifadhidata pekee. Programu ya kupanga picha ya digiKam, kwa mfano, ina mpangilio wa kuchagua kama lebo ziandikwe ndani ya faili au zibaki kwenye hifadhidata yake. Aliyehamisha folda kwenda kompyuta mpya bila hifadhidata ataona picha zisizo na maelezo. Kompyuta ya zamani ikiwa bado ipo, iwashe, andika metadata zote kwenye faili, hakiki kwa exiftool -a -G1 -s picha.jpg, ndipo uhamishe. Jamaa wa karibu wa tatizo hili ni mtu kubadilisha jina la faili nje ya mfumo. Mfumo huona faili moja imetoweka na nyingine ngeni imezaliwa. Rudisha jina la zamani, kisha libadilishe ukiwa ndani ya mfumo.

Maelezo yaliyokatika katikati yana sababu yake. IPTC ya zamani ina mipaka: herufi 64 kwa lebo, 32 kwa jina la mpiga picha, 2000 kwa maelezo marefu. XMP haina mipaka hiyo. Kama programu moja inaonyesha jina kamili na nyingine jina lililokatika, zinasoma sehemu mbili tofauti za faili ileile. Chukua ya XMP.

Dalili: picha moja ina nakala nyingi, hakuna anayejua ipi ni ipi

Kwanza ondoa pacha wa uongo. Picha ghafi na JPEG yake si nakala mbili za kitu kimoja. Vilevile HEIC (picha) na MOV (video yake fupi) yenye jina lilelile kutoka iPhone. Ukifuta mmoja umeharibu jozi.

Pili, jina kufanana si ushahidi. Kamera huhesabu hadi 9999 kisha hurudi 0001, hivyo mpiga picha mwenye bidii ana IMG_0350 kadhaa zisizohusiana. Mtu anapozimwaga folda moja na kubonyeza "badilisha iliyopo", picha halisi hufa. Chagua "baki na zote mbili" kila mara.

Ushahidi ni cheksamu, namba ambayo kompyuta huikokotoa kutokana na yaliyomo kwenye faili. Windows: certutil -hashfile picha.jpg SHA256. Linux: sha256sum picha.jpg. Mac: shasum -a 256 picha.jpg. Namba zikilingana, faili ni moja kwa kila biti, na moja yaweza kuondoka. Zisipolingana ilhali picha zinafanana, basi moja imepunguzwa, imehaririwa, au imeongezewa tu lebo. Linganisha upana na kimo, halafu EXIF. Yenye vipimo vikubwa na EXIF kamili ya kamera ndiyo faili mama. Vitafuta-nakala vinavyofuta vyenyewe kwa kigezo cha "zinafanana" visiachiwe kazi hii. Picha kumi za bibi harusi mfululizo zinafanana, na tisa zake zitakwenda.

Kuhusu "brosha_mwisho", "brosha_mwisho_kabisa" na "brosha_mwisho2", tumieni v01, v02, v03 na muweke hali ya kazi (rasimu, imeidhinishwa, imechapwa) kwenye uwanja wa metadata. Jina halijui lini kazi imeisha.

Dalili: faili inakataa kunakiliwa au kuingizwa

Angalia ukubwa. Flashi yenye muundo wa FAT32 haipokei faili inayofikia GB 4 hata kama ina nafasi ya GB 60. Iumbize upya (format) kwa exFAT, baada ya kuondoa vilivyomo. Halafu angalia jina. Windows haikubali < > : " / \ | ? * kwenye majina, wakati Mac na Linux zinaruhusu nyingi kati ya hizo. Mwisho angalia urefu wa njia: Windows kwa kawaida huishia herufi 260 kuanzia C:\ hadi kiendelezi, na folda zenye majina kama "Picha za ziara ya wageni wa mradi awamu ya pili" zikipangwa sita ndani kwa ndani hufika haraka.

Jina linalopita kila mahali: 2024-03-18_kilwa-kisiwani_msikiti_0042.jpg. Tarehe mbele kuanzia mwaka, herufi ndogo, hakuna nafasi, tarakimu nne mwishoni. Ndani ya jina la faili andika "ngombe" bila ritifaa. Kwenye lebo irudishe.

Dalili: kijipicha ni cheusi, kijivu au hakipo

Faili zinazoanza na nukta na mstari (._IMG_0042.jpg), zenye ukubwa wa KB chache, huachwa na Mac kwenye diski za nje. Si picha zilizoharibika, na picha halisi iko kando yake. Uwekee mfumo agizo la kuziruka, pamoja na .DS_Store na Thumbs.db.

Kama ni HEIC pekee, mfumo hauna kifasiri chake, yaani programu ya kuisoma. iPhone zimekuwa zikipiga kwa muundo huo tangu iOS 11 ya mwaka 2017. Kama ni PDF au video pekee kwenye mfumo wa seva kama ResourceSpace, programu saidizi haipo au njia yake imekosewa: Ghostscript kwa PDF, FFmpeg kwa video. Msimamizi azikague kwanza, kisha atengeneze vijipicha upya.

Picha inayoonekana nusu ya juu na kijivu chini ilikatika wakati wa kunakili, mara nyingi kwa sababu memori kadi ilichomolewa mapema. Linganisha ukubwa wake na ule wa kwenye kadi, unakili tena. Kadi isifutwe hadi cheksamu za pande zote zilingane.

Dalili: mwenzako anaiona, wewe huioni

Ingia kwa akaunti yake kwenye kompyuta yako, yeye akiwepo. Ikionekana, ni ruhusa. Kabla ya kudai ifunguliwe, soma uwanja wa haki. Picha za wagonjwa, watoto na waathirika mara nyingi zimefungwa kwa makusudi, na sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zinazihusu. Kama fomu ya ridhaa haijaambatishwa, swali liende kwa anayesimamia taarifa hizo ofisini kwenu. Fundi wa mfumo hana mamlaka ya kulijibu.

Simama hapa, ita fundi

Diski inayogonga au kukwaruza, inayopotea na kurudi, au kompyuta inayouliza kama uiumbize: zima umeme. Usibonyeze ndiyo. Usiendeshe chkdsk wala programu nyingine ya kutengeneza. Diski inayokufa huchoshwa na kazi hiyo hadi ikafa. Fundi atanakili diski nzima kwanza, ndipo atafute faili kwenye nakala.

Faili zilizofutwa kwa bahati mbaya: acha kuandika chochote kwenye diski hiyo, na programu ya kurejesha isisakinishwe humohumo. Kwenye SSD (diski isiyo na sahani inayozunguka) muda ni mfupi, kwani diski husafisha nafasi iliyofutwa yenyewe, hivyo zima mapema.

Viendelezi vyote vimebadilika kuwa vigeni na kuna ujumbe wa kudai pesa: chomoa waya wa mtandao, zima Wi-Fi, na usiunganishe diski ya akiba kwenye mashine hiyo hata kwa sekunde. Mfumo ukionyesha makosa ya hifadhidata kila unapofungua, usijaribu kuihariri kwa mkono. Nakili faili ya hifadhidata ilivyo, pamoja na hitilafu zake, uihifadhi.

Unapompigia fundi, uwe umeandika haya: jina la programu na toleo lake, mfumo wa kompyuta, aina ya diski na muundo wake (NTFS, exFAT, APFS), ujumbe wa kosa neno kwa neno au picha yake, faili moja yenye tatizo na moja nzima kutoka folda ileile, jambo la mwisho lililofanywa kabla ya kosa na nani alilifanya, na tarehe ya nakala ya akiba ya mwisho ambayo mtu aliifungua akaona inafunguka.